Uso wa Baba Mkwe

Nchi nzima ilimjua Angetile kwa sura, isipokuwa mke wa mwanawe.

Kuanzia mto Songwe mpaka Matema hapakuwa na maziko ya maana yaliyofanyika bila yeye. Alikuwa mwimbaji wa misiba. Alifika na njuga miguuni, akamwimba marehemu kwa mambo aliyoyajua na mengine aliyoyabuni papo hapo, na kabla jua halijageuka hata waliomchukia marehemu walikuwa wakilia kamasi. Wadachi wenyewe, ambao kwa kawaida walisikia ngoma zetu kama mtu anavyosikia mbu, walimwita kila sikukuu ya Kaisari aje kuimba bomani. Sikukuu moja mzungu mpita njia alimsimamisha juani akampiga picha. Basi ikawa Angetile anajulikana hata na watu ambao hawakuwahi kumsikia.

Tulinagwe hakumjua. Yeye alikuwa binti wa Ikombe, kule ufukweni ambako wanawake hufinyanga vyungu, akaolewa Ipinda na Asajile, mwana wa Angetile. Na mwanamke aliyeolewa hamtazami baba wa mumewe. Halitaji jina lake, halali chini ya paa lake, hakutani naye njiani. Akisikia kikohozi chake anaingia migombani, anachutama, anajifunika kichwa na kugeuza uso mpaka mzee apite. Ndiyo maana vijana walijenga kijiji chao kando na baba zao, ili wanawake wasishinde migombani mchana kutwa.

Kwa miaka saba Tulinagwe alimjua baba mkwe wake kwa masikio tu. Alijua mguu wa kulia ulikanyaga kwa uzito kuliko wa kushoto. Alijua kikohozi cha asubuhi na kikohozi cha baada ya pombe. Watu walipokimbilia maziko kumtazama akicheza, yeye alikaa nyuma ya nyumba akiwa amekipa kisogo kiwanja, akisikiliza wenzake wakishangilia. Alimpikia ndizi, na bintiye Neli, mtoto wa miaka mitano, ndiye aliyezipeleka. Neli alirudi na bakuli tupu akasema, "Babu anasema ndaga." Hiyo ndaga, yaani ahsante, ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao yote.

Kisha sauti ya Angetile ikakauka. Ilianza kama mafua, ikashuka kooni, ikakaa. Alikunywa mizizi ya kila aina na haikufaa kitu. Mwimbaji asiye na sauti ni kama mtumbwi uliotoboka, wote wanausifia ulivyokuwa na hakuna anayeupanda. Ndipo wakubwa wakaamua apelekwe kwenye nyumba ya dawa ya serikali iliyokuwa kando ya ziwa, ambako palikuwa na daktari wa Kidachi na msaidizi wake, mtu wa pwani aliyevaa kanzu nyeupe na kutembea kana kwamba daktari ni yeye.

Mke wa Angetile alikwenda kumuuguza mumewe, lakini mgongo wake ulikuwa umechoka, akamwomba Tulinagwe aende naye kupika. Walimwekea kibanda cha kupikia nyuma ya chumba cha mgonjwa. Mlango kati ya chumba na kibanda haukuwa na ubao, ulikuwa uwazi tu, wakatundika mkeka. Mama mkwe alipokea chakula upande huu, akakipeleka upande ule. Kila asubuhi yule msaidizi aliosha sakafu na vidonda vya wagonjwa kwa dawa moja iliyokaa dirishani katika chupa ya kahawia, na harufu yake ilikuwa kali kiasi cha kukwangua pua. Dawa ya koo ilikaa kabatini, chini ya kufuli, na ufunguo aliuvaa daktari shingoni.

Siku ya sita daktari alikwenda kuwinda viboko. Alikwenda na ufunguo wake shingoni.

Mama mkwe alikuwa ameshuka ziwani kufua. Tulinagwe alikuwa amechutama mbele ya meko, mgongo wake kwenye mkeka kama ilivyopasa. Alimsikia msaidizi akiingia. Alimsikia akitikisa kufuli la kabati, akatukana kwa Kiswahili, akatembea hadi dirishani. Akasikia kizibo kikitoka. Harufu ikaja. Akasema moyoni, anaosha sakafu. Kisha akamsikia akisema, "Kunywa, mzee. Kunywa yote."

Sauti iliyofuata haikufanana na sauti yoyote aliyoijua kwa mzee yule, na yeye alizijua zote. Tulinagwe aligeuka. Hakuamua kugeuka. Mkono wake ulishika mkeka na mkeka ukadondoka.

Aliiona chupa ya kahawia mkononi mwa msaidizi. Aliona kikombe kikiviringika chini. Aliiona midomo ya mzee ikibadilika na kuwa myeupe kama iliyopakwa chokaa. Na aliuona uso wake, wote, kwa mara ya kwanza, na mzee akauona wa kwake. Msaidizi alitoka mbio na chupa akiita maji. Angetile alimtazama yule mwanamke kama mtu anayepima kitu alichokisikia habari zake siku nyingi.

"Kumbe ndiye wewe," alisema kwa kile kilichobaki cha sauti.

Hakusema jingine. Mama mkwe aliporudi na nguo zake mbichi mkeka ulikuwa umekwisha kutundikwa, na Tulinagwe alikuwa amechutama mbele ya meko akikoroga ndizi zilizokwisha kuungua. Tangu saa ile mwili wake uliingia ganzi. Waliomwona walisema ana moyo mgumu, maana hakulia.

Wanaume waliubeba mwili wa Angetile hadi Ipinda kwenye machela. Maziko yake yalikuwa makubwa kuliko yote, na mabaya kuliko yote, kwa sababu kila aliyeanza kuimba alikatishwa na kumbukumbu ya mwenye kazi. Kabla ya kumfukia walimpasua, kama ilivyokuwa desturi, ili waone kilichomuua. Fundi aliyeifanya kazi hiyo alikuta koo jeupe toka juu hadi tumboni, kama nyama iliyochemshwa. Akanawa mikono, akasema mambo mawili yanaweza kumfanya mtu hivi. Ama dawa ya wazungu, ama pumzi ya watu wenye kinyongo. Yeye hawezi kuchagua.

Fundi hakuchagua, lakini midomo ina wenyewe. Kabla tanga halijavunjwa watu walikuwa wameanza kuuliza nani alimpikia marehemu siku sita. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Wakakumbuka kwamba mpishi ni mtu wa Ikombe, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Nsajigwa, ndugu mdogo wa marehemu, ndiye aliyeamua kufungua shauri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kumaliza mambo. Kwa kuwa naye alikuwa baba mkwe wa Tulinagwe kwa desturi, hakuweza kukaa naye ana kwa ana, basi alisimama nje ya ukuta wa nyumba ya Asajile na kuzungumza na mwanawe kwa sauti ya kumfikia mke aliye ndani.

"Asajile, mwanangu. Bwana Shauri anashuka mwezi ukiandama. Tutamshitaki yule mtu wa dawa. Boma likisema dawa ndiyo iliyoua, yamekwisha, hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole. Boma likisema dawa haina kosa, basi aliyemuua kaka yangu tunakaa naye. Unanielewa?"

"Ninakuelewa, tata."

"Na mkeo ndiye shahidi pekee. Aseme alichokisikia. Kusikia tu kunatosha, mwanamke hawezi kuwa ameona."

Usiku ule Asajile alikaa muda mrefu akimtazama mkewe. Alikuwa mwanamume mpole, na upole wake ulikuwa umeanza kuchoka. Akamwambia, "Mama Neli, shauri hili likianguka mimi sitakuwa na nguvu ya kukuweka hapa. Watu wa kwenu watanirudishia ng'ombe wa mahari, wewe utarudi Ikombe. Mtoto atabaki. Mtoto ni wa huku."

Neli alikuwa amelala kati yao, mdomo wazi.

"Nitasema," alijibu Tulinagwe.

Bwana Shauri, Mdachi aliyekuwa hakimu wa boma, alisikiliza mashauri barazani mwa nyumba ya forodha, kando ya ziwa, penye meza moja na viti vitatu. Alikaa yeye, akakaa daktari, na karani wa pwani aliyekuwa ameishi nchini miaka minane na kusema lugha yetu kwa lafudhi ya kuvunja mifupa. Watu walijaa mpaka majini. Tulinagwe aliketi chini mbele ya meza, nguo imemfunika kichwa, mgongo wake kwa baba wakwe zake wote, uso kwa Wadachi. Kwa mara ya kwanza desturi na serikali zilikubaliana mahali pa kumkalisha.

Msaidizi aliulizwa kwanza. Alisema alimpa mzee dawa ya koo kutoka kabatini, kama siku zote. Mzee alikuwa anaoza koo toka kwao. Tena alikuwa akilishwa na huyu mwanamke ndizi zilizopikwa kwa siri nyuma ya mkeka, na nani ajuaye zilikuwa na nini. Watu wakaguna. Bwana Shauri akamuuliza kama kabati lilikuwa wazi. Msaidizi akafungua mdomo, akasema, "Ufunguo, Bwana..." kisha akamtazama daktari. Daktari alikuwa akisafisha miwani yake. Msaidizi akafunga mdomo, akasema ndiyo, lilikuwa wazi. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Alikuwa radhi afe na uongo wake kuliko kumtaja mwenye ufunguo.

Ikawa zamu ya Tulinagwe. Alieleza kufuli lililotikiswa, nyayo za kwenda dirishani, kizibo, harufu. Karani aligeuza maneno, Bwana Shauri akaandika, kisha akaweka kalamu chini.

"Nyumba yote ile inanuka dawa hiyo. Uliona chupa?"

Tulinagwe aliikaza nguo kichwani. Nyuma yake alimsikia Nsajigwa akikohoa, kikohozi cha mtu anayemwambia mwenzake ajihadhari.

"Anasema alikuwa anapika," karani alisaidia bila kuombwa, "na mwanamke wa hapa hamtazami mkwe. Ni ushenzi wao, Bwana."

Bwana Shauri alitikisa kichwa kama mtu aliyechoshwa na joto. Akafungua jalada lake, akatoa karatasi ngumu na kuiweka ukingoni mwa meza, mbele ya macho ya Tulinagwe. Ilikuwa ile picha iliyopigwa siku ya sikukuu ya Kaisari.

"Shahidi asiyemjua marehemu si shahidi," alisema. "Mwulize jambo jepesi. Huyu ndiye mtu aliyekufa? Ajibu ndiyo au hapana."

Kwa Bwana Shauri lilikuwa jambo jepesi kweli, na hakujua kwa nini watu wote hadi ukingoni mwa maji walinyamaza kwa pamoja. Lakini wao walijua. Mwanamke aliyetunza macho yake miaka saba angejibu, simjui. Ni aliyemtazama tu ndiye angeweza kumtambua.

Tulinagwe aliitazama picha. Haikumtisha, hakuna kilichomtisha tena, aliwaza kama mtu anayehesabu vyungu vya mwenzake. Akisema hapana, msaidizi atashinda, na mzee atakuwa amekufa kwa ndizi. Neli atakua akiitwa mtoto wa mchawi aliyemuua Angetile. Hatapata wa kumwoa, na kila ng'ombe atakayekufa Ipinda watu wataitazama nyumba yake. Akisema ndiyo, atafukuzwa vile vile, lakini Neli atakuwa tu mtoto wa mwanamke asiye na haya. Haya hufa na mwenyewe. Uchawi unarithiwa.

Njia zote mbili alimpoteza mtoto. Alichoweza kuchagua ni jina atakalomwachia.

"Ndiye," alisema. "Ndiye Angetile."

Hakuwa tu amemtambua, alikuwa amelitaja na jina. Wanawake walishika vinywa. Mtu mmoja nyuma alitoa sauti kama aliyekanyaga mwiba, na Tulinagwe alijua ni mumewe.

"Niligeuka nikamwona. Chupa ilikuwa ya kahawia, ile ya dirishani, hiyo ya kuoshea vidonda. Huyu hapa aliishika mkononi. Midomo ya mzee iligeuka myeupe hapo hapo. Alipokuwa anakimbia aliiangusha nyuma ya pipa la maji. Sijui kama mmeitafuta."

Askari alitumwa. Ilikuwa bado ipo nyuma ya pipa, na kizibo chake kando.

Shauri lilikwisha kabla ya chakula cha mchana cha Bwana Shauri. Msaidizi alihukumiwa viboko hamsa ishirini na kufukuzwa kazi, na alipolazwa chini alikuwa bado hajautaja ufunguo. Jamaa za marehemu walipewa ng'ombe sita wa serikali. Daktari alitoa pole kwa Kidachi, karani akaigeuza ikawa fupi zaidi. Jioni ile ile daktari alionekana ziwani akioga.

Wanaume walirudi Ipinda wakiwaswaga ng'ombe, na wengine walidiriki hata kuimba. Si haba, tangu lini mtu mweusi akamshitaki mtu wa serikali na kurudi na kitu? Asajile alitangulia mbele. Tulinagwe alifuata mwisho kabisa, hatua nyingi nyuma, na hakuna aliyemgeukia.

Siku ya tatu Nsajigwa alikuja tena kusimama nje ya ukuta. Sauti yake ilikuwa ya upole, na ninaamini alikuwa akisema alichokiamini.

"Asajile, mwanangu. Dawa ndiyo iliyomuua kaka yangu, boma limesema, nasi tumekubali. Lakini mgonjwa yule alikunywa dawa za watu wale siku tano hakufa. Siku ya sita mke wa mwanawe amemkazia macho, akafa. Sisemi mkeo ni mchawi. Nasema amevunja mwiko, na mwiko una wenyewe walioko chini. Wakija kudai watadai kwa watoto."

"Alimgeukia baba akiwa amekwisha kunywa, tata," Asajile alisema. "Si kabla."

"Nani alikuwepo wa kutuhakikishia?"

Kweli, hakuwepo mtu ila msaidizi, mwongo aliyekwisha kufukuzwa. Mwingine aliyekuwepo alikuwa ardhini.

Tulinagwe alimwambia mumewe wakiwa wawili, "Baba yako hakukasirika. Alinitazama akasema, kumbe ndiye wewe."

Asajile alikuwa akimfungia mkewe mzigo wa kurudi Ikombe, akakawia kwenye fundo. "Hata mimi sikuwepo alipokata kauli," alisema. "Mimi mwanawe. Neno lake la mwisho ukalipata wewe usiyepaswa kulipata." Akakaza fundo. Ndipo Tulinagwe alipofahamu kwamba mumewe hakumchukia kwa mwiko, alimwonea wivu, na wivu wa namna hiyo hauna kafara.

Neli aliambiwa mama anakwenda kumsalimu bibi. Alimsindikiza hadi kwenye migomba akiuliza atamletea nini. Tulinagwe alimwambia chungu kidogo cha kuchezea. Alimfuta kamasi, akamgeuza kwa mabega aelekee nyumbani, akaondoka. Hakulia hapo pia. Alitembea hadi Matema, akapanda mtumbwi hadi Ikombe, kama mtu aliyetumwa chumvi.

Ikombe walimpokea bila maswali. Alirudi kwenye udongo. Mikono haisahau, na kwa mwezi mzima alifinyanga, akakausha, akachoma, akala alichopewa, akalala. Siku moja ya kuchoma vyungu aliingiza mkono akachukua chungu kutoka motoni kabla hakijapoa, akakibeba hadi kivulini, akakiweka chini taratibu. Mama yake aliliona jeraha kabla yake yeye. Ngozi ya kiganja ilikuwa imenyanyuka.

"Huhisi?" mama yake aliuliza.

"Sihisi, juba," alijibu, yaani mama.

Mama yake alimpaka majivu na mafuta, akamkalisha karibu naye, akaendelea kuzungusha chungu chake. Alikuwa mwanamke mzee aliyewahi naye kuchutama migombani kwa ajili ya mkwe wake, akamzika bila kumwona. Mwisho udadisi ukamshinda.

"Hebu niambie basi. Nchi nzima ilimsifia. Alikuwa na sura gani mzee yule?"

Tulinagwe alitazama ziwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Bwana Shauri aliuliza chupa, Nsajigwa aliuliza mwiko, mumewe aliuliza neno la mwisho.

"Ya Neli," alisema.

"Vipi?"

"Alikuwa Neli mtupu, juba. Paji lile lile. Jicho la kushoto dogo kidogo kuliko la kulia, vile vile. Hata alivyoacha mdomo wazi. Miaka saba nilijificha nisiuone uso ule, kumbe nilikuwa nauosha kila asubuhi."

Mama yake aliacha kuzungusha. Udongo ukabaki umeinama upande mmoja mikononi mwake.

"Na sasa sina ruhusa ya kuuona wowote," alisema Tulinagwe, akakishika kiganja chake kwa mkono mwingine, kwa maana kilikuwa kimeanza kuuma.